Quad II ya valvu au 303 ya transista kwenye spika za Quad za 1957

Wakuu, huu ubishi wa amplifaya za valvu (zile za balbu za kioo) na za transista mi naona unaanza vibaya, watu wanashindanisha amplifaya peke yake wakati inayoamua ni spika. Hapa nazungumzia zile Quad bapa zilizoanza kutoka Huntingdon, Uingereza, 1957. Hazina koni hata moja, ndani kuna utando mwembamba wa plastiki uliochajiwa maelfu ya volti, ndo maana kila spika inachomekwa ukutani kwa waya wake yenyewe. Nimezisikiliza na amplifaya mbili za kampuni hiyohiyo ya Peter Walker: Quad II ya 1953, valvu za KT66, wati 15 tu na ni chaneli moja kwa hiyo unahitaji mbili, na Quad 303 ya 1967 ya transista, wati 45 kila chaneli.

Quad II kwenye sauti ya mtu haina mpinzani. Weka taarab ya zamani ya Zanzibar, yaani unamsikia mwimbaji anavuta pumzi kabla ya ubeti, kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, unasikia kabisa waya unavyodonolewa na mlio unavyofifia, fidla zinaingia zote kwa pamoja na sikio haliumii. Sababu ipo. Omu za spika hizi, yaani ukinzani wake wa umeme, hazitulii, kwenye besi zinapanda mpaka kama 30 na kwenye trebo (sauti nyembamba) ya juu kabisa zinashuka chini ya 2, alafu amplifaya ya valvu inapitisha sauti kwenye transfoma na haiishiki spika kwa nguvu kama transista, kwa hiyo trebo ya juu inapungua kidogo, besi nayo inanona. Rekodi za zamani zilizokuwa kali zinapona hapo.

303 inang'ara kwenye dansi. Gitaa la besi linaanza na kukata panapotakiwa, matoazi yako wazi, na mikwaruzo ya santuri utaisikia yote utake usitake. Haichemshi chumba na unaweza kuiacha kutwa nzima bila kuwaza valvu zinachakaa. Ila mwimbaji anarudi nyuma hatua moja, na kwangu hilo ni kubwa, kwa spika hizi nachukua valvu.

Jambo moja tafadhali msikie: msizipe wati za kujionyesha. Amplifaya ya Quad 405 ni wati 100, ukiifunga bila kidhibiti volti zinaweza kuzidi uwezo wa utando, cheche zinaruka ndani na paneli ndo basi tena.

Sasa chukua spika ya AR-3a ya Marekani, ya 1967, boksi limezibwa kabisa, wufa (koni ya besi) ya inchi 12, omu 4, nzito kusukuma. Hapo Quad II imeshindwa waziwazi, besi inalegea na ukiongeza voliumu kidogo tu muziki unabanana. Funga transista yenye nguvu ya kutosha na wufa ileile inakuwa spika nyingine, ngoma zina uzito na kila pigo linajitenga. Ila kabla hujalaumu amplifaya yoyote kagua ule ukingo unaozunguka wufa, kama ni wa sponji ubonyeze taratibu kwa kidole, ukimomonyoka ujue umekwisha na lazima ubadilishwe.

Anayetaka kununua Quad II aulize kwanza kama kapasita (vifaa vinavyotunza chaji ya umeme) zimeshabadilishwa na kama transfoma ni za asili, hizo ndo roho ya mashine. KT66 za asili za Uingereza bei yake imekuwa kali sana, zinazotengenezwa sa hivi zinatosha kuanzia. Na usiifungue mwenyewe, ndani kuna zaidi ya volti 300 na hata ukiizima kapasita zinaweza kubaki na chaji, mpelekee fundi aliyezoea valvu.