Tahadhari kwa wabebeshaji wa miche: visu "vilivyorudishiwa makali"

Wadau wa miche ya parachichi, habari za kazi. Kuna mtu anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya wakulima akiuza visu vya kubebeshea, yaani vya kuchongea kikonyo (kijiti cha mti mzazi) kinachounganishwa kwenye shina la mche. Anasema ni mtumba wa Ujerumani, vimerudishiwa makali, 35,000 kimoja. Nilinunua vitatu mwezi wa tano hapa Njombe na vimenitia hasara. Namba anabadilisha kila mara, kwa hiyo nawaeleza kazi yake ilivyo, muitambue hata akija kwa jina jingine.

Kwenye tangazo ameandika "kinatumika kulia na kushoto". Hapo hapo ningeshtuka. Kisu cha kubebeshea kina makali ya upande mmoja: ubavu mmoja una mshazari, wa pili ni bapa tupu mpaka kwenye makali yenyewe. Ule ubapa ndio unaolala kwenye kikonyo na kufanya mkato unyooke. Mtu wa mashoto anatakiwa apate kisu chake, chenye mshazari ubavu wa pili. Kinachodaiwa kuwafaa wote wawili, kikague sana.

Vilipofika na basi nilivijaribu kwenye vinyweleo vya mkono, vikanyoa. Nikaridhika. Nikabebesha miche 200 kwa kisu cha kwanza. Mkato ulikuwa unatoka umebonyea katikati kama kijiko, nikadhani mkono umechoka. Ukiunganisha kikonyo na shina ukavielekeza kwenye mwanga, unaona uwazi mwembamba. Ngozi ya kijani chini ya gome la huku na la huku zisipogusana, mche haushiki, hata ukaze nailoni vipi. Wiki ya tano nikahesabu iliyochipua: 71. Vikonyo nilivitoa kwenye miparachichi yangu mwenyewe ya aina ya Hass, na mashina niliyalea tangu kokwa. Inauma.

Ndipo nikakaa na kile kisu mlangoni, nikaweka rula juu ya ubapa. Pembezoni mwa makali mwanga ulipenya. Jamaa alikuwa amenoa pande zote mbili! Ni njia ya mkato: ukigusisha ubapa kwenye jiwe kwa kuuinamisha kidogo, makali yanakuja ndani ya dakika moja, na vinyweleo yatanyoa. Lakini ubapa umekufa. Ukiugeuzageuza juani utaona kimstari chembamba kinachong'aa tofauti na sehemu nyingine, kinafuata makali kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Cha pili ni kibaya zaidi. Kilipinda makali baada ya miche kama 30. Karibu na mpini, pale msasa ulipokuwa haufiki, nikakuta doa la bluu. Alikipitisha kwenye grinda bila maji. Chuma kikifika rangi ile kimepata joto la karibu nyuzi 300, ugumu wake umeshapungua, na kusugua rangi hakurudishi ugumu. Nilijaribu tupa: kwenye kisu changu cha zamani inateleza, kwenye hiki inang'ata. Hicho ni cha kukatia kamba tu sasa. Cha tatu kina ubapa ulionolewa kama cha kwanza.

Cha kwanza nimekiokoa, na mwenye kisu kama hicho asikitupe. Usihangaike kuusugua ubapa wote, utachoka. Paka wino wa maka kwenye mshazari, ulaze wote juu ya jiwe la kunolea la namba 400 (namba ikipanda, jiwe ni laini zaidi) lenye maji, noa upande huo tu. Wino ukibaki sehemu, hapo hujagusa. Endelea mpaka makali yarudi nyuma na kile kimstari cha upande bapa kiishe chote. Changu kilipoteza kama milimita moja ya upana, jioni nzima ikaisha. Kisha jiwe la 1000, halafu la 3000. Ukipitisha kidole kwenye ubapa kuelekea nje ya makali utahisi kinyuzi cha chuma kinachokwaruza. Laza ubapa wote kwenye jiwe laini, usiinue mgongo hata kidogo, vuta mara tatu nne taratibu. Malizia kwenye mkanda wa zamani wa ngozi. Juzi nilichonga kikonyo nikakiweka juu ya kioo, hakuna mwanga uliopita.

Kabla hujatuma hela kwa mtu yeyote, omba picha ya upande bapa ukiwa na rula juu yake, na nyingine ya pale chuma kinapoingia kwenye mpini. Huyu wangu nilipomwomba hizo picha za visu alivyobakiwa navyo, alisoma ujumbe akanifungia namba. Siku mbili baadaye tangazo lilelile lilikuwa kwenye grupu jingine, picha zote za upande wa mshazari.