Affinity ya bure na kazi ya mbunifu wa michoro wa Dar es Salaam

Tangu Affinity, programu ya kompyuta ya kusanifu michoro, picha na kurasa, ilipoanza kutolewa bila malipo, vijana wengi wa fani hii wamekuwa wakiniuliza kama mtu anaweza kufanya kazi zake zote za usanifu kwa programu hiyo pekee, akachapisha, akalipwa, na asiwe na haja tena ya kutafuta nakala ya Photoshop iliyochakachuliwa. Baada ya kuitumia kwa kalenda, nembo, kadi za harusi na ripoti za taasisi, jibu langu ni kwamba anaweza, ikiwa anajitegemea na anakabidhi kazi zake kwa PDF. Anayetafuta ajira katika kampuni kubwa ya matangazo bado hataweza kuikwepa Adobe, kampuni inayotengeneza Photoshop, na sababu zake nitazieleza.

Programu yenyewe si ngeni. Kampuni ya Serif ya Nottingham, Uingereza, ilitoa Affinity Designer ya kuchora mwaka 2014, kisha Photo ya kusafisha picha mwaka 2015 na Publisher ya kupanga kurasa mwaka 2019, zote zikiuzwa kwa malipo ya mara moja, wakati Adobe ilikuwa imekwisha kuhamia kwenye malipo ya kila mwezi mwaka 2013. Canva ya Australia, kampuni yenye huduma ya usanifu mtandaoni, iliinunua Serif mwezi Machi 2024, na tarehe 30 Oktoba 2025 ikaziunganisha programu hizo tatu kuwa moja isiyouzwa. Habari hiyo ilichelewa kutufikia sisi wa Tanzania, kwa kuwa intaneti ilizimwa nchini kuanzia tarehe 29, siku ya uchaguzi, ikaanza kurejea mwanzoni mwa Novemba. Kipindi hicho ni msimu wa kalenda, na mbunifu aliyekuwa na kazi zake ndani ya Canva ya kwenye kivinjari hakuweza kuzifungua hata kidogo. Ndiyo maana jambo la kwanza nililolikagua ni namna Affinity inavyofanya kazi bila mtandao. Unahitaji intaneti kuipakua na kuiwasha kwa akaunti ya Canva, ambayo ni ya bure. Baada ya hapo inafanya kazi bila mtandao hata kwa muda mrefu, na mafaili hubaki kwenye kompyuta yako.

Bei inastahili kuzungumzwa kwa uzito, kwa sababu wengi wanaowalaumu wabunifu wetu kwa kutumia programu za wizi hawaujui mzunguko wa fedha katika kazi hii. Creative Cloud, kifurushi cha Adobe chenye programu zake zote, imekuwa ikiuzwa kwa zaidi ya dola 50 kwa mwezi, yaani zaidi ya shilingi 120,000, na fedha hizo hukatwa iwe kazi ipo au haipo. Mbunifu wa Dar es Salaam hulipwa kwa misimu: miezi ya harusi, miezi ya kalenda na shajara, wiki za maonyesho ya Sabasaba na Nanenane, halafu Januari ambayo kila mteja anakwambia subiri kidogo. Mteja hutoa advansi ya nusu, na nusu iliyobaki hupatikana baada ya sherehe kupita na simu nyingi kupigwa. Aliye chini ya kampuni ya matangazo kama fundi wa nje husubiri zaidi, kwa kuwa kampuni nayo inamsubiri mteja wake siku 60 au 90, na wa mwisho kwenye mnyororo ndiye anayelipwa mwisho. Malipo ya kila mwezi hayakupangwa kwa ajili ya maisha ya namna hiyo. Matokeo yake ni kompyuta zenye virusi, ulinzi uliozimwa kwa makusudi ili programu ya wizi ikubali kuwaka, na aibu ya kushindwa kujibu shirika linapouliza leseni kabla ya kutoa zabuni. Kwa upande huu Affinity imeondoa mzigo mkubwa, na ninaishukuru kwa dhati.

Katika matumizi ya kila siku, uzuri wake mkubwa ni kwamba kuchora, kusafisha picha na kupanga kurasa hufanyika ndani ya faili moja. Nikiwa kwenye ukurasa wa ripoti, picha ya mkutano ikiwa na giza, ninabadili eneo la kazi, ninainua mwanga wa nyuso bila kuharibu ukuta mweupe uliopo nyuma, kisha ninarudi kwenye maandishi palepale. Kwa kompyuta ya RAM ya GB 8, ambayo ndiyo wengi wetu tunayo, kutokufungua programu tatu kwa pamoja ni nafuu inayoonekana kwa macho. Bango kubwa lenye picha nyingi bado huifanya kompyuta ya namna hiyo isite, lakini kazi za ukubwa wa A4 na A3 huenda bila shida.

Kifaa nilichokipenda kuliko vyote ni kile cha kuunganisha orodha na usanifu. Waliowahi kutengeneza kadi za harusi wanaijua kazi yenyewe. Katibu wa kamati anatuma majina kwa WhatsApp, kila kadi inatakiwa iwe na jina la mwalikwa na neno Single au Double, na usiku wa kuamkia siku ya kuchapa anatuma orodha nyingine kwa sababu Mama Mkubwa wa bwana harusi ameandikwa Single na hajapendezwa. Ukizoea kuandika jina mojamoja kwa mkono, usiku huo hulali. Kwenye Affinity unaweka orodha kwenye jedwali la Excel, safu moja ya majina na nyingine ya aina ya kadi, unaiunganisha na kadi uliyoisanifu, na kadi zote hutoka kwa mkupuo. Orodha ikibadilika, unabadilisha jedwali na kuzitoa upya. Majina marefu yanahitaji uangalifu, kwa hiyo mimi hulifanyia majaribio jina refu kuliko yote kwanza, ili lisije likashuka mstari wa pili na kuligusa ua la pembeni. InDesign, programu ya Adobe ya kupanga kurasa, ina kifaa kama hicho tangu zamani, lakini kukipata bila malipo ni jambo jingine.

Mtihani halisi uko Kariakoo na Mnazi Mmoja, kwenye maduka ya uchapaji. Mafundi wengi wa huko wamelelewa na CorelDRAW, programu nyingine ya kuchora, na neno la kwanza utakalolisikia ni kwamba ulete faili la Corel. Affinity haifungui wala haitoi mafaili ya Corel. Utapeleka PDF, na hapo ndipo panapohitaji nidhamu. Fundi akiifungua PDF ndani ya Corel ili asahihishe tarehe, aya hukatika kuwa vipande, na fonti asiyokuwa nayo hubadilishwa na nyingine. Duka moja lilinichapia cheti ambacho ritifaa ya ng' imegeuka kuwa kisanduku kitupu, na jina la mtu likasomeka kwa namna ya kusikitisha. Siku hizi ninazigeuza herufi zote kuwa maumbo kabla ya kutoa faili la mwisho, ninaacha milimita 3 za kukatia kila upande, na marekebisho yote ninayafanya mwenyewe, hata kama ni herufi moja.

Jingine ni rangi. Ukianzisha faili kwa RGB, yaani rangi za skrini, kisha ukaligeuza mwishoni, maandishi meusi madogo huweza kutengenezwa kwa wino zote nne, na karatasi ikisogea kidogo tu kwenye mashine ya ofseti, kila herufi inapata kivuli chekundu au cha buluu. Chagua CMYK, yaani rangi za wino nne za kuchapia, tangu mwanzo na uweke maandishi kwenye nyeusi ya wino mmoja, asilimia 100. Affinity inatoa PDF/X, yaani PDF maalumu za uchapaji, kwa viwango vinavyotambulika, na wachapaji wakubwa wa ofseti wanazipokea bila maswali. Malalamiko hutoka zaidi kwenye maduka madogo.

Kuhusu ajira, lazima nieleze bila kupamba. Kampuni za matangazo za Dar es Salaam na Nairobi hupokea miongozo ya chapa za benki, simu na vinywaji ikiwa katika mafaili ya InDesign na ya Illustrator, programu ya Adobe ya kuchora, na kazi moja hupita mikononi mwa watu watano kabla haijafika barabarani. Affinity inaweza kusoma mafaili mengi ya Illustrator na Photoshop, na kazi ya InDesign inaingia ikihifadhiwa kama IDML, aina ya faili la InDesign linaloweza kusomwa na programu nyingine. Lakini haikuhifadhii kazi yako kama faili la Illustrator, na mkurugenzi wa sanaa hatakubali timu nzima isimame kwa ajili ya mtu mmoja. Kijana anayeota kukaa kwenye ofisi hizo ajifunze Affinity kwa kazi zake za jioni, na ajifunze Adobe kwa ajili ya usaili. Naandika hivi kwa masikitiko, kwa sababu uwezo wa kubuni hauko ndani ya programu, ila tangazo la kazi huandikwa kana kwamba uko humo.

Wenzangu wana wasiwasi na neno bure, wakikumbuka kwamba rahisi ghali. Ninauelewa wasiwasi wao. Vifaa vya akili unde vinahitaji usajili wa kulipia wa Canva, na ni wazi kwamba hapo ndipo kampuni inapotarajia kupata fedha. Sijavihitaji kwa kazi yoyote niliyoitaja hapa. Kinachonigusa zaidi ni kwamba mafaili ya toleo hili jipya hayafunguki kwenye toleo la pili la Affinity, lile lililokuwa likiuzwa kabla ya hili, kwa hiyo mwenye leseni aliyoinunua zamani asiifute, na ahifadhi nakala ya PDF ya kila kazi iliyokamilika.

Neno moja kwa wenzetu wa Zanzibar na wote wanaotengeneza ratiba za Ramadhani, vyeti vya madrasa na mabango ya Maulidi: tangu matoleo yake ya mwanzo Affinity imekuwa dhaifu kwenye maandishi yanayosomwa kutoka kulia kwenda kushoto, herufi za Kiarabu zikitengana na mpangilio ukigeuka. Kabla hujamwahidi ustadhi tarehe, weka aya nzima, ichape kwenye karatasi, na umpe aisome yeye mwenyewe.