Seti za bei nafuu za breki za mbele kwa bagi: kalipa ziko sawa, angalia masta silinda

Bagi nyingi ndogo, vile vigari vya wazi vya nje ya lami vyenye injini ya 150 cc hadi 250 cc, huja na diski moja tu nyuma, kwenye ekseli inayozungushwa na mnyororo. Kwenye tambarare na kwa mwendo wa taratibu, diski hiyo inatosha. Kwenye mteremko wa changarawe uzito unahamia mbele, matairi ya nyuma yanabaki mepesi, breki inayafunga, na mkia unataka kutangulia. Hapo ndipo watu huanza kutafuta seti ya kuongezea breki mbele: kalipa mbili (vibanio vinavyosukuma pedi kwenye diski), diski mbili, breketi za kushikilia kalipa, hosi, na mara nyingi masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki unapokanyaga pedeli), vyote kwenye boksi moja na kwa gharama ndogo sana ukilinganisha na vifaa vya mashindano.

Seti hizi zinafaa kununuliwa, ila wanunuzi wengi huzipima kwa kalipa, na kalipa ndiyo sehemu isiyo na matatizo. Ni zile zile zinazofungwa kwenye pikipiki za magurudumu manne, za kuelea kwenye pini mbili, pistoni moja au mbili ndogo. Zinabana vizuri, na pedi zake hupatikana kirahisi. Diski nazo hazina neno. Seti inafaulu au inafeli kwenye masta silinda, breketi na hosi, na humo ndimo mtengenezaji anamobania.

Tuanze na masta silinda, kwa hesabu. Chukua kalipa ya pistoni moja ya 30 mm. Eneo la pistoni hiyo ni takriban 707 mm². Tuseme pistoni isogee 0.3 mm ndipo pedi zishike diski. Kalipa moja ya nyuma inahitaji 212 mm³ za mafuta ya breki. Ongeza mbili za mbele, unahitaji 636 mm³. Masta silinda ya 12.7 mm ina eneo la 127 mm², kwa hiyo fimbo yake iliyokuwa ikisogea 1.7 mm sasa inatakiwa isogee 5 mm. Kama uwiano wa pedeli ni 6 kwa 1, mguu uliokuwa ukishuka 10 mm sasa unashuka 30 mm kabla breki haijaanza kushika, na hapo hujahesabu kuvimba kwa hosi wala hewa iliyobaki. Ndiyo maana anayeunganisha kalipa za mbele kwenye masta silinda ya zamani kwa tii, kiungo cha njia tatu, hulalamika kwamba pedeli inazama. Hakuna kilichoharibika, silinda tu haisukumi mafuta ya kutosha.

Masta silinda ya 15.9 mm inarudisha safari hiyo kwenye 3.2 mm, yaani karibu 19 mm kwenye pedeli. Gharama yake ni nguvu: kupata presha ile ile lazima ukanyage zaidi kwa asilimia 56 hivi. Kwa hiyo pima pedeli kabla ya kuagiza. Umbali kutoka kwenye pini ya kuzungukia hadi katikati ya pa kukanyagia, gawanya kwa umbali kutoka kwenye pini hiyo hadi fimbo ya masta silinda. Ukipata 6, mguu wa newtoni 200 unatoa takriban bar 60 kwenye 15.9 mm, na hiyo ni breki. Ukipata 4, unaambulia bar 40. Hapo chukua ya 14 mm, au sogeza tundu la fimbo karibu na pini.

Kuna ujanja mmoja wa matangazo unaowanasa wengi. Masta silinda yenye matundu mawili ya kutokea si lazima iwe na mifumo miwili. Nyingi za bei nafuu zina chemba moja tu ndani, na matundu yote mawili yanatoka humo. Hosi moja ya mbele ikikatwa na jiwe, breki za nyuma nazo zinakwenda. Yenye mifumo miwili kweli ina pistoni mbili zilizofuatana ndani ya silinda moja, ni ndefu zaidi, na kopo lake la mafuta limegawanywa kwa ukuta. Kama seti imekuja na ya chemba moja, acha breki ya mkono ya waya iwepo nyuma na ihakikishe inafanya kazi, au nunua seti isiyo na masta silinda na utafute ya mifumo miwili kivyake. Hili la pili ndilo chaguo bora.

Kabla ya kulipa, pima pia gurudumu. Rimu ya inchi 10 haiachi nafasi kubwa kwa diski ya 180 mm na kalipa juu yake. Kata kadibodi kwa umbo la diski na kalipa, ifunge kwenye habu, kitovu cha gurudumu, kisha zungusha gurudumu. Unataka angalau 5 mm kati ya kalipa na rimu kote, kwa sababu tope lenye mchanga likikauka hapo linakuwa tupa na kuila rimu. Angalia na valvu ya tairi kwa upande wa ndani. Zile ndefu za mpira hugonga kalipa.

Kama seti inakuja na habu zake, thibitisha mduara wa bolti. Kwa rimu za bolti nne pima katikati ya bolti hadi katikati ya ile inayoitazama. 110 mm, 137 mm na 156 mm zote zipo sokoni na hazibadilishani. Beringi zinazokuja ndani ni za kubahatisha, lakini vipimo ni vya kawaida: 6202 ni 15 × 35 × 11 mm, 6203 ni 17 × 40 × 12 mm. Weka zenye mfuniko wa mpira pande zote mbili. Muhimu kuliko beringi zenyewe ni bomba fupi linalokaa kati yake. Likiwa fupi hata kwa nusu milimita, au likisahaulika kwenye boksi, kukaza nati ya ekseli kunabana beringi kwa ubavu; gurudumu linazunguka kwa uzito na beringi haimalizi msimu.

Breketi ndiyo kazi halisi ya fundi. Seti nyingi zina bamba la 4 mm, na bamba hilo hupinda breki zinapokamata. Utaona pedi zimelika kama kabari, nene upande mmoja, na utasikia kelele. Tumia bamba la 8 mm, lichomelewe kwenye nako, kile chuma kinachobeba ekseli fupi ya gurudumu, na lisishikwe na bolti moja peke yake. Funga kalipa kwenye diski kwanza, bana kwa kipande cha mbao au mkanda, halafu ndipo upige pointi za kulehemu bamba likiwa tayari limekaa mahali pake. Ukichomelea kwanza na kufunga kalipa baadaye, joto litakuwa limeshavuta bamba. Toa beringi kabla ya kulehemu, na waya wa ardhi uufunge kwenye nako yenyewe, umeme usije ukapita kwenye beringi na maungio ya usukani.

Boksi moja kati ya mengi lina kalipa mbili za upande mmoja. Zinafunga kote, lakini upande mmoja niple ya kutolea hewa inaishia chini, na hewa haishuki. Dawa yake ni kufungua kalipa hiyo wakati wa kutoa hewa, kuweka kipande cha chuma chenye unene wa diski kati ya pedi, kuiinua niple itazame juu, kutoa hewa, kisha kuirudisha. Ukipuuza, hewa itabaki humo na pedeli itakuwa laini kila unapokanyaga.

Hosi za mpira zinazokuja na seti zinafaa kwa majaribio tu. Zivue, weka zilizofumwa kwa waya wa chuma cha pua. Urefu uupime bagi ikiwa imenyanyuliwa, sasipensheni ikining'inia na usukani umekatwa hadi mwisho, kushoto kisha kulia. Bolti za hosi nazo zina mtego: M10 × 1.0 na M10 × 1.25 zinafanana kwa macho, na ukilazimisha moja kwenye uzi wa nyingine kalipa ya aluminiamu inakufa. Ianze kwa vidole, izunguke mizunguko mitatu bila spana. Washa za shaba ziwe mpya, mbili kwa kila hosi, tatu pale hosi mbili zinaposhiriki bolti.

Mafuta ya breki yawe ya daraja la DOT 4, ambayo yakiwa mapya huchemka kwa angalau 230 °C, isipokuwa kifuniko cha kopo kiseme vingine. Usichanganye na DOT 5, hiyo ni ya silikoni. Oili ya injini au ya haidroliki kwenye mfumo huu huvimbisha sili zote.

Kwenye bagi masta silinda mara nyingi hukaa sakafuni, chini kuliko kalipa. Mafuta hurudi taratibu, na kanyago la kwanza la asubuhi linakuta pedeli tupu. Valvu ndogo ya kubakiza presha ya psi 2 kwenye laini ya diski inamaliza tatizo. Usiweke ya psi 10, hiyo ni ya breki za dramu, na diski zitakokota. Diski zitakokota vilevile kama fimbo ya pedeli haina uhuru wa milimita moja hivi: pistoni inabaki imeziba kitundu cha kurudishia, mafuta yanapata joto, yanapanuka, na yanakosa pa kwenda.

Kuhusu mgawanyo wa breki, bagi yenye injini nyuma si gari. Mbele ni nyepesi, na breki za mbele zenye nguvu kupita kiasi hufunga matairi kwenye mchanga, bagi ikaenda moja kwa moja hata ukikata usukani. Jaribu kwenye udongo uliolegea, mwendo mdogo, mtu wa pili akitazama magurudumu. Ya mbele yatangulie kufunga kidogo tu. Yakitangulia mno, weka valvu ya kupunguza presha kwenye laini ya mbele, au pedi zenye mshiko mdogo zaidi mbele.

Pedi za seti ni za kawaida na tope huzila haraka. Za unga wa metali hudumu zaidi kwenye maji na mchanga. Futa diski kwa spiriti kuondoa mafuta ya kuzuia kutu kabla ya safari ya kwanza, kisha punguza mwendo kutoka kilomita 40 hadi 10 kwa saa mara kumi na kitu, bila kusimama kabisa, ukiacha zipoe katikati. Baada ya hapo kaza tena bolti za breketi, na angalia bolti za mikono ya sasipensheni ya mbele. Zile hazikuwahi kubeba nguvu ya breki, na matundu yaliyokwisha kulegea huonekana siku hiyo hiyo.