Bamba la kioo la milimita 12 chini ya jiko la kuni: zuri, ila si kwa kila jiko

Wauzaji wa majiko ya kuni Uingereza hupenda kukuuzia bamba la kioo pamoja na jiko lenyewe. Linapendeza, sakafu bado inaonekana, wala fundi haingii ndani na zege. Kwa kuzuia cheche na makaa yanayodondoka mlango ukifunguliwa, hatuna neno nalo: kaa huzimikia juu yake, majivu unayapangusa.

Joto ni habari nyingine. Kioo hulipitisha hadi kwenye mbao zilizo chini. Kabla ya kutoa hela, tafuta katika kijitabu cha jiko maneno yanayothibitisha kwamba haliipashi sakafu zaidi ya nyuzi 100 za Selsiasi. Yakiwepo, kanuni za ujenzi za Uingereza zinakubali bamba lisiloungua la milimita 12. Yasipokuwepo, achana na kioo. Unahitaji msingi mzito wa milimita 125. Mbao inayopashwa joto kila majira ya baridi hukauka, huwa nyeusi, na mwishowe hushika moto kwa joto ambalo ilipokuwa mpya isingelijali.

Vipimo, kuanzia ukingo wa jiko: milimita 150 pembeni, na mbele 225, au 300 kama huwa unalitumia mlango ukiwa wazi. (Ujerumani ni sentimita 50 mbele na 30 kila upande wa mdomo wa jiko, kwa hiyo usihame nalo.) Agiza saizi kamili, maana kioo kilichoimarishwa hakikatwi tena, ukijaribu, chote kinamwagika vipande vipande.

Mita moja ya mraba ina kilo 30, basi wabebe wawili. Kagua usawa wa sakafu kwa pimamaji, fagia, kisha acha ikauke kabisa. Punje moja ya kokoto chini ya mguu wa jiko inatosha kukipasua kioo. Ziba ukingo kwa silikoni angavu inayostahimili joto, la sivyo vumbi la majivu litapenya chini na hutalifikia bila kuling'oa jiko. Ukingo huohuo ndio udhaifu wake: gogo likiugonga, kwaheri.

Kwa sakafu kuukuu iliyopinda tungechukua graniti ya milimita 30, ingawa nayo hukaribia kilo 80 kwa mita ya mraba, hivyo boriti zikaguliwe kwanza.