TAHADHARI: Hita za gari zilizopakwa rangi na kuuzwa kama zimekarabatiwa

Ndugu zangu wenye magari ya zamani, kuna muuzaji mtandaoni anauza hita za kuchoma dizeli, zile zinazopasha gari joto hata injini ikiwa imezimwa. Anadai ni za kampuni za Eberspächer na Webasto, halisi na zilizokarabatiwa. Picha zinapendeza na maneno yake ni matamu. Msinunue. Mimi ni fundi umeme wa magari, zimeshaletwa kwangu zaidi ya moja, na zote zina ugonjwa uleule.

Ndani ya hita hizi mna hewa mbili ambazo hazitakiwi kukutana kabisa. Moja huvutwa kutoka nje, huchanganyika na mafuta, huungua na kutokea bomba la moshi chini ya gari. Nyingine ni hewa mnayovuta ninyi: feni huipitisha kwenye mapezi ya alumini na kuirudisha ndani ikiwa ya moto. Kinachozitenganisha ni ukuta wa hiyo alumini peke yake. Ukipata ufa, kaboni monoksaidi inaingia mlimolala, nayo haina rangi wala harufu. Ndiyo maana Eberspächer wenyewe wanaelekeza sehemu hiyo ibadilishwe baada ya miaka 10.

Ya mwisho niliyoifungua, rangi nyeusi ilikuwa bado inanata kwenye skrubu. Nikakwangua kwa bisibisi katikati ya mapezi, ikatoka silikoni nyekundu ya gasketi, imeshaanza kuwa unga kwa joto, na chini yake kuna ufa unaoingia kucha. Kibao chenye namba na mwaka kimesuguliwa kwa msasa hadi kikawa cheupe. Mwenye gari alikuwa anaumwa kichwa kila akiiwasha. Muuzaji alimjibu kuwa ni harufu ya rangi mpya, itaisha. Mtu anayejua alichokiziba anamjibu mwenzake hivyo!

Kisha anakukamua kwa vipuri. Ukimwambia hita inatoa moshi mweupe na kujizima, anakuuzia plagi ya kuwashia. Ikijizima tena, pampu. Halafu kisanduku cha umeme. Hakuulizi hata mara moja volti ni ngapi. Moshi mweupe ni mafuta ambayo hayajaungua, na plagi ile hula umeme mwingi wakati wa kuwaka. Kwenye gari kuukuu lenye waya mwembamba au ethi (waya unaofungwa kwenye bodi ya gari) iliyoshika kutu, volti hushuka na hita hujizima yenyewe. Pima pale waya unapoingia kwenye hita, tena wakati inajaribu kuwaka, maana betri peke yake itakudanganya. Angalia pia pampu isilazwe: mdomo wa kutolea mafuta uelekee juu, la sivyo hewa inajikusanya.

Kibaya kuliko vyote, ameshawaelekeza watu waunganishe moja kwa moja waya za kifaa kinachozima hita ikipata joto kupita kiasi. Usithubutu. Wala usikate umeme ghafla kama anavyosema. Zima kwa swichi yake na uache feni iendelee kupooza chemba ya moto hadi isimame yenyewe.

Tangazo lake nalo linajisuta. Anaandika kW 8 kwa matumizi ya lita 0.2 hadi 0.5 kwa saa. Lita 1 ya dizeli ina nishati ya takriban kWh 10, kwa hiyo kW 8 haiwezi kupatikana chini ya lita 0.8. Na wenye magari ya petroli anawaambia hita hiyohiyo itawafaa wakibadilisha pampu. Huo ni moto unaoutafuta mwenyewe.

Kama imeshafungwa kwenye gari lako, usiiwashe tena. Ukiwa na kichwa kizito, kizunguzungu au kichefuchefu, toka nje na uende hospitali. Kisha fundi aitoe, azibe njia ya hewa ya kuunguzia mafuta na ya moshi, apulize hewa kidogo ndani ya chemba huku akipaka maji ya sabuni kwenye mapezi. Povu likitokea, hiyo ni chuma chakavu, haizibwi kwa gundi yoyote.

Anabadilisha majina ya akaunti lakini maneno ya tangazo ni yaleyale, na ukimwomba picha ya kibao anakufungia. Uliyelipa na mzigo haujafika, omba malipo yasitishwe leo, na uhifadhi picha za tangazo kabla hajalifuta.