iNaturalist: ua la Pugu na jani lililomaliza ubishi

Jumamosi moja, masika yakielekea ukingoni, nilikwenda na binti yangu kutembea msitu wa Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Kando ya njia tukakuta ua nisilopata kuliona: jekundu, kingo za manjano zenye mawimbi, petali sita zimepinduka kwenda juu kama ndimi za moto. Binti akaanza kufukua shina ili tukapande nyumbani. Nikamzuia, nikapiga picha: ua kwa mbele, ua kwa ubavuni, shina, jani.

Usiku nikajaribu kwanza programu ya kutambua mimea kwa picha niliyokuwa nayo siku nyingi. Ikataka picha moja tu, ya ua, ikajibu papo hapo: yungiyungi la bustani. Sikuridhika, maana mmea ule ulikuwa umeparamia kichaka. Nikafungua programu nyingine, iNaturalist. Ni ya bure, haina matangazo, na inapokea picha kadhaa za mmea mmoja pamoja na tarehe na mahali. Pendekezo likaja: Gloriosa superba, ua la taifa la Zimbabwe. Nikalinganisha na picha zangu. Jani ndilo lililomaliza ubishi: ncha yake imejisokota kama mkia wa kinyonga, na kwa ncha hizo ndipo mmea unapojishikiza kwenye matawi ya wenzake.

Kilichonifunga kwa programu hii ni kwamba mashine ikishapendekeza, watu nao hutazama. Kufikia Jumatatu watu wawili nisiowajua walikuwa wameafiki jina lile.

Jina likanifungulia mengine, nikasisimka mwili. Mmea mzima una sumu ya kolchisini, hasa kiazi chake cha ardhini, na wapo waliokidhani kiazi cha kula wakapoteza maisha. Ndicho binti yangu alichokuwa akikifukua! Tangu siku hiyo kwetu haung'olewi mmea wowote kabla haujajulikana.

Ukiianza, usiishie kwenye ua. Piga picha za jani juu na chini, namna majani yanavyokaa kwenye shina, na tunda kama lipo. Siku ileile tulipiga picha mmea mtambaazi wenye maua ya zambarau, nikasahau majani. Umeishia kwenye jamii ya kunde tu, hauna jina kamili. Tutaurudia ukishatoa maganda.