Niliomba namba saba, nikapewa mbili

Kama una haraka na unataka tu kujua uende au usiende kwenye duka hili la kubeti: usiende. Mwenye muda akae nimweleze, maana bado nina donge hapa kooni na yule kijana wa dirishani sijamsamehe.

Duka lenyewe silitaji. Liko mjini Nairobi, upande wa River Road, ghorofa ya kwanza, ngazi zake zina giza hata saa sita mchana na harufu ya chipsi kutoka chini inakufuata mpaka juu. Nimekuwa nikienda pale miaka kadhaa kwa sababu moja tu. Wana televisheni moja, kule pembeni karibu na choo, inayoonyesha mbio za farasi wa kweli. Zile nyingine zote ni mpira, au ni farasi wa kompyuta wanaotimka kila baada ya dakika chache, hawana baba wala mama, hawatoki jasho, hawakanyagi tope. Vijana wanawapenda. Mimi nikiwatazama naona katuni.

Niseme mapema kwamba farasi sikujifunzia dukani. Marehemu baba alikuwa saisi, mtunza farasi. Alifanya kazi kwenye mazizi ya Ngong Road, karibu na uwanja wa Ngong Racecourse uliofunguliwa 1954, na tukiwa wadogo tulipelekwa Jumapili kutazama mbio kama watoto wengine wanavyopelekwa kutazama treni. Baba alikuwa na tabia moja. Kabla hajamvisha farasi hatamu, alikuwa anachuchumaa na kupitisha mgongo wa mkono wake kwenye mguu wa mbele, polepole, kutoka gotini mpaka kwatoni. Mgongo wa mkono, si kiganja. Kiganja cha saisi kimeota sugu, alisema, hakisikii kitu. Kano ikiwa na moto, farasi huyo Jumapili hakimbii, tajiri apende asipende. Namba ya farasi sikumsikia akiitaja hata siku moja. Alikuwa anasema "yule wa miguu myeupe", "yule mtoto wa fulani", "yule mwizi wa karoti".

Basi. Ilikuwa Jumamosi moja, mwezi wa tano au wa sita, mvua bado zinasumbua. Nauli ilikuwa imepanda kama kawaida ya Nairobi kukinyesha matone mawili, nikafika dukani viatu vimelowa. Mbio nilizozifuata zilikuwa za Chester, Uingereza, mita elfu moja hivi, saa za huku jioni saa kumi na moja na ushei. Kule kulikuwa na jua.

Asiyeijua Chester anivumilie kidogo, kwa sababu kesi yangu yote imelala hapa. Ni uwanja mkongwe, watu wameshindana pale tangu 1539, na ni mdogo ajabu: mzunguko mzima haufiki kilomita mbili, na farasi anakata kona ya kushoto karibu muda wote. Kwenye mbio fupi za pale, anayeanzia geti la ndani ameshapewa nusu ya safari. Anayeanzia nje anaizunguka kona kwa mbali, wenzake wameshika uzio. Ndiyo maana pale wazee hawaanzi na jina la farasi, wanaanza na geti.

Na hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa: kila farasi ana namba mbili. Moja ni ile iliyo kwenye kitambaa chini ya tandiko, ndiyo unayobetia. Ya pili ni ya geti atakaloanzia, na hiyo hupatikana kwa kura. Hazina uhusiano wowote. Wangu alikuwa namba saba, geti la pili. Namba mbili alikuwa mwingine kabisa. Alikuwa geti la kumi na moja, huko nje, na tena amebebeshwa uzito karibu wa juu kuliko wote, maana kwenye mbio za kusawazishiwa uzito, ambapo farasi bora hubebeshwa zaidi ili wengine nao wapate nafasi, namba zinapangwa kwa mzigo, aliyelemewa zaidi ndiye wa kwanza kwenye orodha.

Kabla ya mbio walionyeshwa wakizungushwa. Wangu alikuwa anatembea kama mtu aliyelipwa jana: kichwa chini, masikio yanacheza mbele na nyuma, kiuno kimelegea. Namba mbili alikuwa ameshaanza kutoa povu jeupe katikati ya mapaja, anatembea upande upande. Baba angemtazama mara moja tu na kuondoka.

Pale kwenye viti kuna mzee mwenzangu, mtu wa Ngara, ambaye hajawahi kukubaliana nami tangu tujuane. Yeye ni mtu wa ukoo. Atakuambia farasi wote wa mbio hizi, ukifuata upande wa baba kwa baba, wanarudi kwa madume watatu tu walioingizwa Uingereza karne tatu zilizopita. Atakuambia mimba ya farasi ni miezi kumi na mmoja na kwamba mbegu ya sindano hairuhusiwi, lazima dume na jike wakutane wenyewe, ndiyo maana dume bora ni mali kuliko jumba. Siku hiyo alimshikilia mmoja kwa sababu damu ya Galileo, lile dume maarufu la mbegu, imo. Nikamwambia, mzee, Galileo mwenyewe alishinda Derby ya Epsom, zile mbio kubwa za Uingereza, 2001, hayo ni masafa ya mita elfu mbili na mia nne. Uzao wake ni wa pumzi ndefu, mita elfu moja itaisha bado wanatafakari. Akanijibu: "Na Frankel alikuwa mtoto wa nani? Mbio kumi na nne, ushindi kumi na nne." Nikamwambia Frankel hakukimbia mita elfu moja hata mara moja. Tukapandishana sauti pale mpaka vijana wa mpira wakageuka.

Kwa hiyo nilipofika dirishani nilikuwa bado nina moto wa ubishi. Nikasukuma soo tano na kusema, kwa sauti ya kutosha kumfikia yule wa Ngara: "Chester, namba saba, anaanzia geti la pili, hapo hakuna wa kumshika." Kijana akabonyeza. Tiketi ikatoka. Nikaikunja, nikaitia mfuko wa shati, nikarudi kitini.

Mbio zenyewe ni dakika moja na sekunde kidogo. Mageti yalipofunguka wangu alitoka kama amesukumwa, akashika uzio, akakata kona yote ya kwanza bila kupoteza hatua. Joki hakuinua fimbo. Mita mia mbili za mwisho alimgusa tu shingoni kwa mikono, akaachia. Alishinda kwa urefu wa farasi wawili hivi. Nilisimama juu ya kiti, jambo ambalo kwa umri wangu si la kusifiwa. Odi ilikuwa 9.00. Soo tano mara tisa ni elfu nne na mia tano, kabla serikali haijachukua chake. Namba mbili aliizunguka Chester nzima kwa nje, akamaliza wa mwisho au wa pili kutoka mwisho, sikumwangalia. Sikujua kwamba ndiye aliyekuwa wangu.

Kijana akaipitisha tiketi kwenye mashine, akanirudishia. "Hii imechanika."

"Imechanikaje? Saba ameshinda."

"Umebetia mbili."

"Kijana wangu, nilisema saba. Geti la pili."

"Sasa si ndiyo hiyo mbili?"

Nikamweleza. Wallahi nilimweleza kwa upole, kama ninavyomweleza mjukuu. Hii ni namba ya kitambaani, hii ni ya geti, tazama hata kwenye orodha yenu ile ya ukutani, ya geti imewekwa kwenye mabano. Alikuwa anatazama simu. Sikumaliza. Akasema bila kuinua macho: "Buda, farasi ni farasi. Anayefuata!"

Pesa ni pesa, inaniuma, lakini imeshaenda. Ni hilo neno. Farasi ni farasi! Nenda buchani uombe maini, upimiwe matumbo, halafu mwenye kisu akwambie nyama ni nyama, uone kama hamtafika kwa chifu. Na "buda" je? Angeniita mzee, ningenyamaza. Angeniita baba, ningemsamehe na elfu nne zake.

Akaitwa meneja, kijana mwingine, huyu ana kitambulisho shingoni. Hakunitukana. Aligonga kioo kwa kidole pale palipobandikwa karatasi: hakiki tiketi yako kabla ya kuondoka dirishani. Akasema mbio zikishaanza mfumo haubadiliki, yeye mwenyewe hana uwezo. Nilipiga kelele kidogo. Yule wa Ngara, ambaye wa kwake wa damu ya Galileo alikuwa amepotelea katikati huko, alikuja akasimama upande wangu bila kusema neno. Hilo nililiona.

Sasa niwe mkweli, maana nimeshalala juu ya jambo hili siku kadhaa. Miwani niliiacha nyumbani. Hiyo namba 2 kwenye tiketi imechapwa kubwa kama mlango, hata kipofu angeipapasa. Na ni nani aliyenituma kumtajia keshia habari za mageti? Yeye anahitaji namba moja tu. Mimi nilimpa mbili kwa sababu nilitaka mtu mwingine anisikie. Baba alikuwa akisema anayejua farasi hasemi mpaka aulizwe. Kwa hiyo tuseme duka ni la wastani. Viti viko, televisheni ipo, ukishinda wanalipa bila kuzungushana, na soja wa mlangoni ana adabu kuliko wote waliomo ndani: alinifuata mpaka chini akaniambia "pole baba", akanishikia mkono kwenye zile ngazi za giza. Nyota tatu.

Lakini ngoja. Kwa nini nijilaumu mimi? Kazi ya yule kijana ni kuuza mbio. Siku nzima yuko mbele ya farasi wa kompyuta, ambao kweli ni namba tu, ukimwondoa namba hakuna kinachobaki. Amezoea hivyo mpaka akidhani na hawa wenye mapafu na magoti ni vivyo hivyo. Mwajiri wake alishindwaje kumkalisha nusu saa akamwonyesha ile orodha? Apelekwe Ngong Jumapili moja, asimame pale wanapozungushwa kabla ya mbio, farasi ampite karibu mpaka asikie pumzi, aone jinsi saisi anavyokimbia kando yake na kitambaa cha kufutia mkononi. Halafu arudi aniambie farasi ni farasi. Nyota moja, na hiyo ni ya soja.

Tiketi ninayo bado, niliiweka kama ushahidi. Jasho na joto la mfukoni vimeila wino, zile karatasi zao hazidumu. Jina la duka limefutika, saa imefutika. Iliyobaki ni ile 2.

Jumamosi iliyopita nilirudi. Najua nilichoandika hapo juu. Ningeenda wapi, na televisheni ya farasi wa kweli ni ile moja? Kijana alikuwa yuleyule. Akanitambua, akacheka kidogo, si cheko la dharau, akauliza: "Saba au mbili leo?" Nikamwambia tano. Akasema, "Tano ya kitambaani au ya geti, mzee?" Mzee. Nikavaa miwani, nikaisoma tiketi mbele yake taratibu, foleni nyuma yangu inanung'unika. Ilikuwa tano.

Farasi mwenyewe alimaliza wa sita.